Paka Mwenye Hofu na Kidonge cha Maziwa

Mhadhara kwa wafugaji wa paka, Dar es Salaam



Zamani daktari wa mifugo katika jiji hili aliletewa paka kwa sababu zisizozidi tatu: amegongwa na gari, amekula panya aliyekula sumu, au ana minyoo. Siku hizi mtu anaingia kliniki na tenga la plastiki, ndani yake kuna paka wa kizungu mwenye manyoya marefu, na swali la kwanza ni hili: "Daktari, hamna kidonge cha kumtuliza?" Wengine hawaulizi, chupa wanayo tayari. Shemeji kaja nayo kutoka Dubai, au binti anayesoma Uingereza kaituma na mtu. Kwenye lebo kuna picha ya paka aliyefumba macho kwa raha, na chini yake maneno ya kwamba dawa hii ni ya asili na haina madhara.

Jioni ya leo nataka tuifungue chupa hiyo. Msimamo wangu niutoe mapema ili msije mkakaa mnabahatisha daktari yuko upande gani. Baadhi ya virutubisho hivi vina kitu ndani yake. Ni kitu kidogo, na kinawafaa paka fulani katika hali fulani. Lakini vilivyo vingi humtuliza mwenye paka kwanza, na mwenye paka akishatulia, hafuatilii tena paka ana nini. Hapo ndipo ninapoogopa.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wote duniani wana asili moja: paka pori wa Mashariki ya Kati, wa jamii ya Felis lybica. Jamaa zake wapo huku kwetu pia, wanawinda panya Serengeti na Tsavo, na ukikutana naye usiku kwenye taa za gari unaweza kudhani ni paka wa mtu kapotea. Paka pori huyu anaishi peke yake, anawinda peke yake, na ana eneo lake. Zaidi ya hayo, yeye anayewinda panya naye anawindwa na chui, na tai, na simbamangu. Mnyama wa namna hiyo hana kundi la kumsaidia akiumia. Akionyesha unyonge, ameliwa. Kwa hiyo alijifunza kuficha maumivu na kuficha hofu, na tabia hiyo kaja nayo mpaka kwenye sofa lako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Walikuwa wanawasema watu, lakini sijui kiumbe ambaye msemo huo unamwangukia sawasawa kuliko paka.

Mtazameni paka mwenye hofu kwa karibu. Hakimbii, halii. Amejikunyata chini ya kiti, miguu yote minne imeingia chini ya tumbo, lakini haikulegea. Uzito wote uko vidoleni, tayari kuchomoka. Mkia kaubana ubavuni. Mboni za macho zimetanuka hata kama ni saa saba mchana na pazia liko wazi. Masikio yamegeukia pembeni kidogo, na moja linazunguka kivyake kufuata mlio wa sufuria jikoni. Ukimwangalia ubavuni unaona anapumua harakaharaka huku mwili wote umetulia tuli. Mgeni akiingia hapo atakuambia, "Paka wako mpole kweli."

Hofu hiyo ikiwa ya dakika tano, haina tatizo. Ni kinga aliyopewa na Muumba. Tatizo ni ikikaa wiki, mwezi, mwaka. Ndipo unaona anajilamba tumbo mpaka manyoya yanaisha, anakojoa kitandani, anampulizia mkojo kila anayeingia na begi jipya, anapigana na mwenzake waliyelala pamoja tangu udogoni, au anaacha kula. Hilo la kuacha kula msilichukulie kwa wepesi. Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini linashindwa kazi.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia kwamba haya ni magonjwa ya paka wa Ulaya, mbona paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe hawana mambo hayo. Hoja yake ina ukweli nusu. Paka wa Lamu ana njaa zake, ana mafua yake, ana vidonda vya kupigana. Lakini akikutana na asichokipenda ana ukuta wa kupanda, kichochoro cha kupotelea, na baraza za nyumba nyingine ambako anaweza kuhamia akajifanya amezaliwa pale. Paka wa ghorofani Upanga ana vyumba viwili na sebule. Akigombana na mwenzake jikoni, watakutana tena koridoni. Watoto wakimfukuza, mlango wa nje umefungwa. Sisi ndio tuliomwingiza huko, kwa mapenzi, na mengine kwa sababu nzuri kabisa ya kumkinga na magari na kichaa cha mbwa. Lakini tulimfungia njia zote za kukimbia, kisha tukashangaa kwamba ana wasiwasi.

Sasa tuje kwenye chupa.

Kirutubisho ambacho nakiheshimu kuliko vingine kinatokana na maziwa. Kila mama anajua kwamba mtoto mchanga akishanyonya husinzia. Mwaka 2001 watafiti wa Nancy, mashariki mwa Ufaransa, pamoja na wenzao, walichapisha maelezo ya kipande kimoja cha kasini, ile protini inayoganda maziwa yanapokuwa mtindi. Waliikata kasini ya ng'ombe kwa tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, wakapata kipande cha asidi amino 10 tu, ambacho panya wa maabara walipopewa walipungukiwa na woga. Kipande hicho, alfa-kasozepini, kinagusa mlango uleule wa ubongo unaoguswa na dawa kama Valium, lakini bila kumlewesha mnyama. Leo kinauzwa na kampuni ya Vetoquinol kwa jina la Zylkene, na kampuni nyingine zinakiweka ndani ya chakula maalumu cha paka.

Je, kinafanya kazi? Mwaka 2007 daktari wa Kifaransa Claude Béata na wenzake walichapisha jaribio la paka 34 wenye wasiwasi. Nusu walipewa kirutubisho, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na nusu wakapewa kidonge kisicho na kitu. Jaribio lilikwenda siku 56, na waliopewa kirutubisho walifanya vizuri zaidi. Hilo ni jaribio la heshima, lina kundi la kulinganisha. Lakini ni paka 34. Kwa idadi hiyo paka wawili watatu wakibadilika tabia kwa sababu zao, matokeo yanayumba. Mimi nikiulizwa nasema: kuna dalili njema, hakuna uhakika.

Na tafadhali, mtu asitoke hapa akasema daktari karuhusu maziwa. Kipande hiki kimetengenezwa kiwandani na kupimwa. Bakuli la maziwa halikupi kiasi hicho, tena paka wakubwa wengi wao hawana uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Utampa hofu yake pamoja na kuhara.

Kingine kinatokana na chai. Theanini ni asidi amino iliyogunduliwa Japani mwaka 1949 kwenye majani ya chai ya kijani, na imo hata kwenye chai nyeusi ya Kericho na Rungwe tunayokunywa asubuhi. Kampuni ya Virbac inauza vidonge vyake kwa jina la Anxitane. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya paka 33 waliopewa theanini, na wenye paka wengi walisema wameona nafuu. Lakini humo paka wote walipewa theanini. Hapakuwa na hata mmoja aliyepewa kidonge kitupu ili tulinganishe. Nitarudi kwenye kasoro hiyo, maana ndiyo roho ya mhadhara huu. Kwa sasa niseme tu kwamba kikombe cha chai hakiwi dawa ya paka, kwa kuwa ndani yake kuna kafeini, na kafeini ni sumu kwake. Najua kuna nyumba ambazo paka analamba chai ya maziwa chini ya meza kila asubuhi. Acheni.

Triptofani nayo imo kwenye chupa nyingi, kwa hoja kwamba mwili huitumia kutengenezea serotonini. Hoja ni sahihi, ushahidi kwa paka ni mwembamba, tusonge mbele.

Kuna mmea ambao Wazungu wanauweka kwenye midoli ya paka, jina lake la kisayansi ni Nepeta cataria. Wengi wanaununua wakidhani unatuliza. Paka akiunusa anajigaragaza, anasugua mashavu, anatokwa na mate, dakika chache baadaye anaamka na kujilamba kana kwamba halikutokea lolote. Karibu theluthi moja ya paka hawaushughulikii kabisa, ni suala la kurithi. Wajapani wana wao, matatabi, na mwaka 2021 watafiti wa huko walionyesha kwamba paka anayejisugua kwenye majani yake anapata raha itokanayo na endofini za mwili wake mwenyewe, na wakati huohuo anajipaka kitu kinachofukuza mbu. Nimeileta habari hii kwa sababu inapendeza. Kuhusu mada yetu, raha si utulivu, na paka mwoga aliyebanwa na wenzake akichangamshwa hivyo anaweza kuanzisha ugomvi.

Zipo pia harufu za kuchomeka kwenye soketi, zinazoiga alama ambayo paka huiacha anaposugua shavu kwenye mguu wa meza. Chanzo chake ni kazi ya Mfaransa Patrick Pageat, na maarufu zaidi ni Feliway. Hicho si kirutubisho, hakiliwi, lakini kinauzwa rafu moja navyo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2010 yalikuta ushahidi wake hautoshi. Madaktari wenzangu wengine wanakiamini. Mimi sikikatazi. Ninachosema ni kwamba ukikichomeka nyuma ya kabati huku umeme unakatika kila jioni, usikilaumu.

Sasa turudi kwenye ile kasoro. Nani anayesema kwamba paka ametulia? Si paka. Anasema mwenye paka, ambaye amenunua chupa kwa fedha ya kigeni, ameisubiri, amempenda mnyama wake na anataka apone. Kule North Carolina, Marekani, watafiti walitazama majaribio ya dawa za maumivu ya viungo vya paka, wakakuta kwamba katika paka waliopewa kidonge kitupu, zaidi ya nusu walihesabiwa na wenye nao kuwa wamepata nafuu. Wale watu hawakudanganya. Waliona kweli walichokitarajia.

Ongeza jambo la pili. Mtu haendi kutafuta dawa siku ambayo paka yuko vizuri. Anakwenda wiki ile ambayo godoro limelowa mara mbili na mume amesema huyu mnyama atoke. Yaani anakwenda hali ikiwa imefika kileleni. Hofu ya paka hupanda na kushuka. Mafundi wa jirani wanamaliza kukata vigae, wageni wa arusi wanaondoka, mtoto anarudi shule ya bweni. Hali ingeshuka hata kwa maji ya bomba. Lakini kwa kuwa kidonge kilianza wiki ileile, kidonge ndicho kinachopewa sifa. Ndiyo maana jaribio lisilo na kundi la kulinganisha, liwe la paka 33 au 300, haliwezi kutuambia tunachotaka kujua. Na ndiyo maana ushuhuda wa shoga yako, hata awe mkweli namna gani, si kipimo.

Sheria nayo haitusaidii sana. Marekani ilitunga sheria ya virutubisho vya binadamu mwaka 1994, na mamlaka yao ya chakula na dawa ikasema haiwahusu wanyama. Kwa hiyo chupa ya paka huko imekaa kwenye upenyo: si dawa iliyosajiliwa, wala si chakula cha kawaida. Mwaka 2001 wenye viwanda waliunda baraza lao, National Animal Supplement Council, lenye alama ya ubora inayobandikwa kwenye lebo. Alama hiyo ina maana, kwa kuwa inahusu jinsi kiwanda kinavyofanya kazi. Haisemi kwamba kilichomo kinamtuliza paka. Huku kwetu TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inasimamia dawa za wanyama, na Kenya wana VMD, kurugenzi yao ya dawa za mifugo, lakini chupa iliyokuja ndani ya begi la nguo haikupita kwenye meza ya yeyote kati yao.

Ningeweza kuvumilia yote hayo kama kweli vitu vya asili visingekuwa na madhara. Ini la paka lina upungufu ambao sisi hatuna. Binadamu ana kimeng'enya kinachoviunganisha vitu fulani vyenye sumu na aina ya sukari ili mwili uvitoe. Jeni ya kutengenezea kimeng'enya hicho kwa paka imeharibika, na si kwa paka wa nyumbani peke yake; simba naye yuko hivyohivyo. Wala nyama tupu hawakukihitaji sana, wakakipoteza. Ndiyo sababu kidonge kimoja cha Panadol, ambacho unampa mtoto wako bila kufikiri, kinaweza kumuua paka. Damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya matope, uso unavimba.

Wapemba na Waunguja mliomo humu mnisikilize hapa. Mafuta ya karafuu ni fahari yetu, na nimeona yakiuzwa kwa watalii kama kitulizo cha kila kitu. Kitu chenye nguvu ndani yake, eujenoli, ni cha kundi hilohilo ambalo ini la paka haliliwezi. Mafuta ya mkaratusi vilevile ni hatari kwake, na yale ya mti wa chai wa Australia. Usimpake, usiyatie kwenye maji yake, usiyachome kwenye chombo cha umeme katika chumba alicholala na mlango umefungwa. Paka hujilamba, kilichoanguka kwenye manyoya kitafika tumboni kabla ya magharibi. Vidonge vya binadamu vya usingizi na vya msongo navyo viacheni kwa binadamu, hata vikiandikwa ni vya mitishamba.

Nimefika kwenye jambo linaloniudhi zaidi. Alikuja bwana mmoja na dume lake, paka mnene, mweupe, amehasiwa, wa ndani moja kwa moja. Paka alikuwa akiingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi. Mara nyingine akichuchumaa kwenye beseni la kufulia. Ndugu za yule bwana walikubaliana kwamba ni msongo, kwa kuwa wamehama nyumba, na wakampatia virutubisho. Wakasubiri vifanye kazi. Nilipoweka mkono tumboni mwa yule paka, kibofu kilikuwa kigumu na cha mviringo kama chungwa. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Katika hali hiyo potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unapoteza mapigo yake, na paka anakufa kwa siku chache tu. Tulimlaza, tukapitisha mrija, akapona. Vidonge vile havikuwa na kosa lolote. Vilikuwa vya kampuni inayojulikana na havijapitwa na muda. Kosa lilikuwa ule muda wa kusubiri.

Dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo ni dharura ya usiku huohuo. Usinipigie simu kuniuliza kirutubisho gani.

Ajabu ni kwamba familia ile haikuwa mbali na ukweli. Daktari Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitumia miaka mingi kuchunguza paka wenye uvimbe wa kibofu usio na bakteria wala mawe, na alionyesha jinsi mazingira yenye hofu yanavyouchochea. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha habari za paka 46 ambao wenye nao walisaidiwa kubadilisha maisha ya nyumbani: sanduku la mchanga, maji, mahali pa kupanda, ugomvi wa paka kwa paka. Dalili zilipungua sana katika miezi 10. Mizani niliyoipimia chai lazima niipimie na hapa: nao hawakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini mabadiliko yale hayana gharama kubwa, hayana sumu, na hayamzuii mtu kwenda kwa daktari.

Maumivu nayo hujivika nguo za hofu. Watafiti wa Marekani walizipitia picha za eksirei za paka 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 12, wakakuta 90 kati yao viungo vimechakaa. Paka mzee aliyeanza kumkwaruza mjukuu wako kila anapobebwa huenda hana chuki na mtoto. Nyonga zinamuuma. Na bibi paka anayelia usiku kucha, anakula sana na bado anakonda, apimwe tezi ya shingoni, figo na shinikizo la damu. Hakuna kipande cha kasini kitakachoshusha homoni ya tezi.

Basi nyumbani tufanye nini? Mwaka 2014 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliwachukua paka 19 walioletwa kwenye kituo cha wanyama wasio na makao. Kumi wakawekewa boksi la kujificha, tisa hawakuwekewa. Kufikia siku ya tatu na ya nne wale wenye boksi walikuwa na hofu pungufu kwa dhahiri kuliko wenzao. Boksi la karatasi ngumu! Kariakoo wanayatupa kwa mafungu kila jioni. Na hapa palikuwa na kundi la kulinganisha. Uzuri mwingine ni kwamba aliyepima hofu alikuwa mtafiti mwenye orodha ya dalili mkononi, hakuwa mwenye paka.

Toboa boksi pande mbili, aweze kuingia huku na kutokea kule. Paka hapendi shimo lenye mlango mmoja ambao mwenzake anaweza kuuziba. Weka moja juu ya kabati. Masanduku ya mchanga yawe idadi ya paka na moja la ziada, na yasipangwe mstari mmoja bafuni, kwa sababu paka mbabe akilala mlangoni amewanyima wote. Chakula kiwe mbali na mchanga. Kila paka ale pake, asimwone mwenzake. Supu ya dagaa waliochemshwa bila chumvi inamwongezea maji kibofuni, na wote wataipenda. Tenga la safari lisikae stoo likatolewa siku ya sindano tu. Likae sebuleni wazi mwaka mzima, na kanga ndani yake, mpaka alione ni chumba chake. Siku ya ngoma ya kigodoro mtaani au fataki za mwaka mpya, mfungulie chumba cha ndani kabisa, chenye boksi, washa feni iwe na mvumo, na usimvute kumbembeleza. Anayejificha anajitibu.

Kwa safari ya kliniki yenyewe, daktari ana dawa halisi. Gabapentini ilijaribiwa kwa paka 20 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kila paka akipewa dawa safari moja na kidonge kitupu safari nyingine, na siku ya dawa hofu ilipungua. Ulaya waliidhinisha mwaka 2021 dawa ya maji ya pregabalini, Bonqat, kwa kazi hiyohiyo. Kwa hofu nzito ya kudumu kuna fluoksetini. Hizo ni dawa, zina kipimo na zina madhara, na zinaandikwa na aliyempima paka. Najua watu wanaona aibu au woga wakisikia paka wao anaandikiwa dawa ya akili, wanaona heri kirutubisho. Lakini paka anayejinyonyoa mpaka damu hajafika hapo kwa kukosa maziwa.

Kirutubisho ninakikubali pale ambapo paka ameshapimwa na hana ugonjwa, nyumba imeshatengenezwa, hofu yenyewe ni ndogo, na inajulikana inatokana na nini: mnahama mwisho wa mwezi, mtoto mchanga anakuja, mnakwenda Tanga wiki mbili na atabaki na jirani. Hapo anzeni siku chache kabla. Andikeni kwenye daftari kabla hamjaanza: anajificha saa ngapi, amekojoa wapi, amekula kiasi gani. Endeleeni kuandika kila siku, na mwandishi awe mtu mmoja, ikiwezekana asiyeamini dawa hizo. Kila nyumba ina mjomba wa namna hiyo. Zikipita wiki nane na daftari halionyeshi tofauti, acheni kununua. Na kama kumpa kidonge kunahitaji watu wawili, taulo na kukimbizana chumba kizima, basi mnamtia hofu kila asubuhi ili mumpunguzie hofu mchana. Unga wa kapsuli uchanganywe na samaki. Akikataa, heshimuni.

Chukueni pia video kwa simu. Paka akifika mezani kwangu anaganda, anageuka sanamu, na mimi namwona mnyama ambaye ninyi hamjawahi kuishi naye. Dakika mbili za anavyopita koridoni mbele ya mwenzake zitaniambia zaidi kuliko nusu saa ya maelezo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona baadhi yenu mmekuja na chupa zenu mikobani. Zileteni hapa mezani kabla ya maswali, tuzisome kwa sauti, tuanze na ule mstari wa maandishi madogo wa viambato.